Mufuko wa Maharagi ya Moto na Nywele ya Madame

Leo nimepata haya. Si haya ndogo ya kujikwaa mulangoni mwa kanisa. Haya kubwa. Mbele ya bamama ba Beni, komanda, basoda bake na patron wangu wa kazi, bote kwa mara moja.

Naandikia ninyi wote tuliosoma chimie, ile kemia, pamoja, hata ninyi mulio ngambo ya vita, kule Kisangani na Kinshasa, fasi ambako barabara yetu haifiki tena. Internet inapita juu ya vichwa vya basoda, haisimami kwa barrière yabo ya barabarani. Basi musikie kwangu mimi mwenyewe Masika, kabla bashofere hawajawaletea habari na chumvi yabo.

Munajua sifundishi tena. Tangu rébellion, uasi huu, ianze, mushahara wa mwalimu ni hadithi. Ninafanya kazi hapa Butembo kwa Patron Kasereka, mutu mwenye mashini ya kutengeneza mifuko ya plastiki. Mashini ni nzee, ilitoka Kampala, ilipita Kasindi na kelele mingi. Unamwaga mbegu za plastiki juu, zinayeyuka, halafu mashini inapuliza plastiki kama vile mutoto anapuliza povu ya sabuni. Unapata bomba ndefu, nyembamba. Unakata, unachoma upande moja, mufuko ndiyo huo.

Mifuko yetu ilikuwa inauzwa vizuri. Mupaka siku ya kaporali.

Pale Beni, kwa parking ya malori yanayoenda Kasindi, kuko bamama banaopika maharagi. Mukubwa wabo anaitwa Mama Kanyere. Shofere hana sahani, hana muda. Anataka maharagi ya moto ndani ya mufuko, anafunga, anaenda. Sasa siku ile kaporali moja alinunua maharagi, akapanda jeep, akaweka mufuko juu ya paja. (Mufuko wetu. Siwezi kukataa, ni mimi nilikata bomba ile.) Jeep ikaruka shimo. Mufuko ulikuwa umekwisha kulegea na joto. Ukatoboka. Kaporali alilia mupaka basoda bengine bakalala chini na bunduki, balidhani adui amefika.

Kesho yake komanda akatoa amri: hakuna tena maharagi ya moto ndani ya plastiki kwa parking. Bamama bakabaki na masufuria yabo yenye kujaa. Mama Kanyere aliacha kununua kwetu. Bengine bakamufuata. Patron aliambia bafanyakazi bakae nyumbani kwanza. Tulibaki wawili, mimi na yeye, na mashini ya kimya.

Akaniambia, "Masika, ulisoma chimie, hapana?"

"Nilisoma, Patron."

"Donc, basi, tengeneza mufuko unaoshinda maharagi."

Aliongea kama vile kutuma mutu anunue chumvi.

Sitawachosha na mambo mingi, lakini ninyi ni bandugu ba chimie, mutavumilia kidogo. Mbegu zetu za kila siku ni za laini. Zinazaa mufuko mutamu, unavutika, lakini maharagi yanayochemuka yanaulegeza kama chapati ndani ya chai. Kuko mbegu zingine, ngumu, za kutengeneza beseni na viti. Hizo maji ya kuchemuka hazijali. Mais, lakini, ukizipuliza peke yake, bomba inapasukaka kwa urefu, tii, kama jani la ndizi. Ukigusa kidogo tu, inafunguka kutoka juu mupaka chini.

Basi nilichanganya. Nyingi za ngumu, kidogo za laini. Nilishindwa. Nikabadilisha. Nilishindwa tena. Halafu nikaona kama bomba ikitoka, tukiipoza mbio na upepo wa baridi, na tukiivuta kwa urefu na kwa upana pamoja, inakuwa kitu kingine kabisa. Inangaa. Inalia kriii kwa vidole. Unavuta, inakataa. Unamwaga maji ya kuchemuka, inakuangalia tu.

Patron alijaribu kuipasua na mikono. Halafu na meno. Alipotoa mudomo, alikuwa na machozi. Sijui ya furaha ao ya meno.

Kulikuwa shida moja. Plastiki inayokataa joto ya maharagi inakataa pia joto ya pasi. Na sisi mudomo wa mufuko tunaufungaka na pasi ya makala, makaa ya moto, juu ya karatasi. Kwa mifuko ya zamani, pasi ya uvuguvugu inatosha. Kwa huu mupya, lazima pasi iwake kweli, na uinamishe macho karibu kabisa uone kama midomo miwili ya plastiki imeshikana. Ukiachia mapema, inafunguka. Nilijifunza. Nikawa mufundi wa kuinama.

(Mukumbuke ile ya kuinama.)

Kuko kitu kingine munapaswa kujua. Wiki iliyopita, siku moja ya kujaribu, mashini ilitema plastiki ya moto, ikanirukia kichwani. Ngozi haikuungua sana, Mungu asifiwe. Mais nywele zilishikana na plastiki, zikapoa, zikawa jiwe. Dada yangu Kavira alinikata na makasi ya kushonea. Kavira ni mutu wa roho nzuri, lakini mukono wake haukuumbwa kwa kunyoa. Nilibaki na kichwa kama shamba la mihogo lililopitwa na mbuzi. Hapa kidogo, pale hakuna, nyuma ya sikio majani imebaki.

Basi patron akapata ruhusa tuonyeshe mufuko mbele ya komanda na bamama, leo, ndani ya salle, chumba kikubwa cha shule moja ya Beni. Nilimuambia nitavaa kitambala. Akasema, "Masika, kule kuko bakubwa. Uvae vizuri."

Sikuwa na la kufanya. Nilikwenda kwa bibi yake wa ndoa, Madame. Niliondoa kitambala, nikamuonyesha. Aliziba mudomo na mukono, akaingia chumbani, akarudi na perruque. Ile nywele ya kuvaa, munajua. Nyeusi, ndefu, laini, na pindo mbele inayoshuka mupaka kwa nyusi. Aliniweka yeye mwenyewe.

"Uirudishe nzima," akasema.

"Nzima kabisa, Madame."

Asubuhi tukapanda gari ya patron. Sufuria hatukubeba, maharagi yatapikwa na Mama Kanyere mwenyewe, hiyo njo sharti yake. Sisi tulibeba kitita cha mifuko, pasi, makala, karatasi, na makasi yangu ya kazi. Njia yote patron alikuwa ananiangalia kichwani, anaangalia barabara, ananiangalia tena. Mara anafungua mudomo, mara anaufunga. Mimi nilijisemea: anaona nimependeza, anaona haya kusema.

Kwa barrière basoda bakafungua muzigo. Makasi bakaitwaa.

"Hii ni silaha," musoda moja akasema.

"Ni ya kukata plastiki, afande."

"Hata mutu anakatika nayo." Akaanza kukata ndevu yake palepale, na kioo cha gari yetu.

Hatukubishana. Ukibishana kwa barrière, hata gari inaweza kuwa silaha.

Tulifika Beni. Salle ilikuwa imejaa. Bamama bote bamevaa kama siku ya Pasaka. Mbele kabisa komanda, mutu mukubwa wa Équateur, wa kuongea Lingala, kiti kinalia chini yake. Pembeni yake kaporali, yule wa paja, anasimama mbali kidogo na sufuria. Na Mama Kanyere, mikono kifuani, uso umefungwa. Sufuria yake ilikuwa juu ya mbabula, jiko la makala, maharagi yanachemuka poto poto poto.

Nilisalimia bote. Nilianza kueleza mambo ya mbegu ngumu na mbegu laini. Komanda akainua mukono.

"Mama, maloba mingi te. Maneno hapana. Mwaga."

Nikamwaga.

Nilichota maharagi palepale yanachemuka, nikayatia ndani ya mufuko mupaka karibu na juu. Mufuko ukanyooka, ukangaa. Nikaushika juu ya meza. Nikangoja. Hakuna kulegea. Hakuna hata tone.

"Eeeh!" bamama bakasema.

Mama Kanyere akakaribia, akagusa chini ya mufuko na kidole. "Hailegei," akasema pole pole, kama mutu anayesikia habari asiyoamini.

"Na ikianguka?" komanda akauliza.

Niliukunja mudomo, nikaushikilia na mukono, nikaupiga juu ya meza. Pa! Mufuko ukaruka kidogo, ukakaa. Nikapiga tena, nguvu kuliko ile. Bamama bakapiga makofi. Patron alianza kucheka na meno yote, hata lile lililoumia.

Bandugu, mutu akipigiwa makofi akili inapunguka. Ningeishia pale. Komanda alikuwa amekwisha kutikisa kichwa cha ndiyo. Mais mimi nikasema, na sauti ya mwalimu, "Na sasa nitawaonyesha namna tunaufunga, mupaka mutu aweze kuuweka ndani ya sakoshi, ao juu ya paja, bila woga!"

Kaporali akarudi hatua nyuma.

Pasi ilikuwa imewaka vizuri. Makala nyekundu. Nililaza mudomo wa mufuko kwa kando ya meza, juu ya ubao, tumbo la mufuko linaninginia chini. Karatasi juu. Nikainama, macho karibu kabisa, kama kawaida yangu ya kila siku.

Kawaida yangu ya kila siku ni bila nywele.

Pindo la perruque lilishuka mbele. Mimi sikuliona, nilikuwa ninaangalia plastiki. Liliingia taratibu katikati ya midomo miwili ya mufuko, kama mutu anaingia nyumbani kwake. Nikaweka pasi. Nikakandamiza. Nikahesabu moyoni kama ninavyofanya. Nikasikia harufu.

Mama moja nyuma akasema, "Kuko kitu kinaungua."

Nikajibu kwa heshima, "Ni karatasi, mama. Ni ya kawaida."

Nikaondoa pasi. Nikapuliza. Nikatoa karatasi. Mufuko ulikuwa umefungwa vizuri sana, sijawahi kufunga vizuri hivyo. Nikasimama ili bote baone.

Mufuko ukasimama pamoja nami.

Uliinuka kutoka mezani, ukapepea hewani, ukanipiga kifuani, pu! Moto! Nikaruka nyuma. Na wenyewe ukaruka, ukanirudia. Pu! Nikainamisha kichwa, ukaninginia mbele ya uso wangu, unazunguka pole pole, maharagi yanapita mbele ya macho yangu moja moja, mekundu, makubwa, yanachemuka.

Salle haikucheka mara moja. Ningependa muelewe hilo. Balidhani ni sehemu ya maonyesho.

Komanda akainama mbele. "Mama, oyo nini? Hii ya kichwa, ni kwa nini?"

Nilisema, "Ni... nguvu ya mufuko, Komanda." (Njo ilivyotoka. Mudomo ulisema, mimi sikuwapo.)

"Aaah," komanda akasema, akaangalia basoda bake. "Bon."

Patron ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alikuja mbio, akashika mufuko, akanipokea uzito wake ili usiniunguze, akaninongonezea, "Masika, unafanya nini?"

"Patron, nimeshikwa."

"Umeshikwa na nani?"

"Na mufuko!"

Akaangalia vizuri. Nywele na plastiki ilikuwa imekuwa kitu kimoja, mustari mweusi ndani ya mustari mweupe, mutu angeapa ni pambo. Akavuta. Haikupasuka. Akavuta na mikono miwili, kichwa changu kinamufuata. Haikupasuka.

"Pasua tu mufuko, Patron!"

"Ninapasua! Hautaki!"

"Weka meno!"

"Meno hapana," akasema mbio sana.

Sasa salle ilianza. Kwanza mama moja, mucheko wa puani. Halafu mwenzake. Halafu benchi yote ya nyuma. Katekista wa pale, mutu wa heshima, akaja kusaidia, akavuta upande wake. Patron upande wake. Mimi katikati nimeinama kama ngombe anayeuzwa. Mufuko ukalia kriii, lakini kukatika hapana. Mwezi muzima nilikuwa nimeomba Mungu mufuko usiopasuka. Alinisikia. Alinisikia mupaka mwisho.

"Kisu!" patron akaita. "Nani ana kisu? Masika, makasi yako iko wapi?"

"Kwa ndevu ya musoda!"

Bamama balikuwa bamekuja na mavazi ya Pasaka na mwiko moja. Hakuna kisu. Hakuna wembe. Patron akaangalia pasi, nikamuambia akijaribu kuniletea ile pasi karibu na uso nitaacha kazi palepale.

Komanda akasimama. Akainua kidole. "Kaporali. Noki, mbio!"

Kaporali akachomoa ile kisu ndefu ya bunduki yake. Akanikaribia. Mikono yake inatetemeka, mutu anayeogopa maharagi kuliko vita, na kisu ile inakuja sawasawa kwa nyusi zangu.

"Usitikisike, mama," akasema, na macho amefunga nusu.

Bandugu, niliona njia mbili. Ya kwanza, kisu ya mutu anayetetemeka. Ya pili munaijua.

Nikaweka mikono miwili kichwani. Nikavua.

Patron alibaki ameshika mufuko, na chini ya mufuko perruque inaninginia kama kuku aliyekamatwa kwa muguu. Na mimi mbele yabo, na shamba langu la mihogo wazi, hapa kidogo, pale hakuna, jua la dirisha linanipiga katikati.

Halafu patron akasema. Hakutaka kusema kwa nguvu, ninaamini. Mais salle ilikuwa kimya, na sauti yake ni ya mutu aliyezoea kuongea juu ya mashini.

"Masika. Hii ni nywele ya bibi yangu."

Ile njo siku, bandugu. Ile njo saa.

"Mungu Nyamuhanga wangu!" Mama Kanyere akapiga kelele. "Alimunyoa bibi ya patron!"

"Hapana! Alinipatia mwenyewe!"

"Kwa nini bibi ya patron akupatie nywele yake?" mama mwingine akauliza, na jicho moja limekwisha kufungwa, munajua ile jicho.

"Ni juu ya hii!" Nikaonyesha kichwa. "Plastiki iliniunguza! Dada yangu akanikata!"

"Na makasi gani?"

"Ya kushonea!"

"Inaonekana," akasema.

Pale salle ilivunjika. Bamama balianguka mumoja juu ya mwingine. Katekista aligeuka ukutani, mabega yanaruka. Kaporali alirudisha kisu ndani ya ala akakosa tundu yake. Komanda, mutu yule mukubwa, alikaa tena kwa nguvu mupaka kiti kikasema mambo yake ya mwisho, kikamushusha chini. Alibaki palepale chini, anajifuta macho, anasema, "Mama na ngai! Mama yangu!"

Mimi nilitafuta mulango. Nilikuwa ninataka kutembea mupaka Butembo na miguu yangu, kwa majani, nisionekane. Nilifika karibu kabisa, nikasikia Mama Kanyere ananiita.

"Mwalimu! Ngoja kwanza."

Nikageuka. Alikuwa amechukua mufuko mukononi mwa patron. Hakuwa anacheka tena. Aliuangalia pale ulipofungwa, pale nywele ilipoingia. Akaugeuza kichwa chini. Akautikisa. Akaubana na mikono miwili, bamama bengine bakamuzunguka, kila moja akaweka kidole.

"Imefungwa na nywele ndani," akasema, "balivuta banaume wawili bazima, na haitoki hata supu." Akaniangalia. "Mutoto wangu wa kike ana kovu hapa, kwa mukono. Mufuko ulimupasukia akiwa anamupatia shofere. Ule wa zamani. Huu ungemuacha salama?"

Swali lile lilinitoa haya kidogo. Nilirudi mupaka mezani, na kichwa changu vilevile.

"Ungemuacha salama, mama. Akiushika kwa juu, na kitambaa. Joto bado iko ndani, mukono unaisikia. Mais kupasuka, hapana. Na ule uliofungwa vibaya na pasi ungefunguka, kwa hiyo sisi ndio tutafundisha kila mama namna ya kufunga."

"Bila nywele."

"Bila nywele, mama."

Akapeleka mufuko kwa komanda, pale chini alipokaa. Komanda akaupima na mukono, akafikiri, akaita, "Kaporali! Kaa. Paja."

Maskini kaporali. Alikaa kwa benchi, akafanya alama ya musalaba. Mama Kanyere akatandika kitambala chake juu ya paja lake, ngozi isiungue, halafu akaweka mufuko, na perruque ikashuka kando ya goti lake vizuri kabisa, kama mutoto mwenye kulala. Komanda akamuamuru arukeruke kama yuko ndani ya jeep. Akarukaruka. Bamama bakahesabu mashimo kwa kelele, "Shimo! Shimo! Daraja!" Kaporali aliruka, macho amefunga, midomo inaomba. Mwishoni akafungua jicho moja. Akagusa paja lake. Likavu.

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Komanda," akasema, "naweza kuyakula?"

Akakata mufuko na kisu yake chini ya nywele, perruque akanirudishia, akaanza kula. Amri iliondolewa palepale. Parking itafunguliwa kesho asubuhi, kama mufuko ni huu na hapana wa zamani. Mama Kanyere akashika mukono wa patron, bakasikilizana pembeni, na bamama bengine bakapanga musururu nyuma yake. Nilisikia na masikio yangu namna balivyokuwa banaagiza. Hawakusema "mufuko wa maharagi ya moto", jina nililolitunga mimi, nililoliandika vizuri kwa kitita. Balisema, "Mutuletee zile Perruque." Mumoja baada ya mwingine. "Mimi Perruque kubwa." "Mimi Perruque ndogo, za sombe, majani ya mihogo."

Patron aliandikisha bila kusahihisha hata mutu moja.

Kwa barrière, njia ya kurudi, yule musoda mwenye makasi yangu aliniangalia kichwani, akaangalia makasi, akanirudishia bila neno. Nafikiri aliona iko na laana.

Karibu na kuingia Butembo patron akakohoa. "Kesho bafanyakazi barudi," akasema. "Wote. Tunawasha mashini." Halafu baada ya kona mbili, "Madame, utamuambia wewe mwenyewe."

Nilishuka garini, nikamutangulia patron mbio, ili isinilalie tumboni. Madame alifungua mulango. Nilimupa perruque. Pindo la mbele lilikuwa limekauka kama kitana, na kipande cha plastiki kimebaki kinangaa pale, maana hata na makasi kilikataa kutoka. Nilimueleza kila kitu. Alisikiliza mupaka mwisho, bila kuniingilia, anageuza nywele mikononi.

"Na bwana yangu," akauliza, "aliitambua?"

"Mbele ya bote, Madame. Njia yote ya kwenda alikuwa anaiangalia. Mimi sikuelewa."

"Aliitambua na nini?"

"Sijui, Madame. Aliiona tu, akasema ni ya bibi yake."

Akakaa kwa kiti. "Ninaivaa kila Misa tangu aliponiletea," akasema. "Hajawahi kusema neno. Nilidhani hanaga macho." Halafu akaanza kucheka, pole pole, peke yake, na haikuwa kunicheka mimi. Akaweka ile kitu iliyoharibika juu ya magoti, akainyosha na vidole kama nywele ya kweli. Hakunidai kitu. Alinifunga kitambala chake kipya kichwani, akanipatia chai, akanifukuza kwa upole kwa sababu alikuwa anasikia gari ya patron inaingia.

Basi njo hayo. Bafanyakazi barudi kesho, bamama bauze kesho, kaporali ameshiba, Madame anacheka. Batu bote bamepona isipokuwa mimi.

Tafadhali, musicheke. Ao mucheke kidogo, mufunge. Na siku barabara itafunguka, mukipita Beni, muonje maharagi ya Mama Kanyere, ni matamu kweli. Mais muombe tu "mufuko". Ile jina ingine, mubaachie bamama.